Muhuri wa Majaribio

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Umeme umepotea mara mbili. Nimemaliza ile kazi ya muhuri. Nauita muhuri kwa sababu ndivyo nilivyomweleza Ami Mahfudh, na angalau hilo alilielewa.

Mfumo wa wahudumu wa afya wa Mtopanga bado uko kwenye majaribio. Ukiwa tayari, wahudumu wataandika kwenye simu habari za kina mama waja wazito: nani kapimwa nini, nani ana virusi, nani hajamwambia mumewe. Habari hizo hazitembei uchi. Lazima simu iwe na hakika inazungumza na seva yetu, si na mtu mwingine, na hakika hiyo huja kwa cheti. Vyeti vya kweli hutolewa na mamlaka ambazo kila simu inazijua. Lakini mamlaka hizo hazitoi cheti kwa jina nililolibuni mwenyewe, lisilosajiliwa popote. Kwa hiyo nimejitengenezea mamlaka yangu ya vyeti, ya ofisini, ya kujaribia tu. Nikaiambia laptopu yangu iiamini, na ya Kazungu, mwenzangu wa ofisini. Basi. Laptopu mbili.

Ufunguo wa siri wa mamlaka hiyo, ule unaopigia vyeti muhuri, nimeutia kwenye flashi, flashi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sefu ya Ami. Juu nimeandika MAJARIBIO TU kwa wino mwekundu. Ami katia na nenosiri humo humo. Nilimwambia si vizuri. Akasema kesho nikiolewa nikenda zangu Lamu, wao watafungua na nini. Kila kitu kwake ni mimi kuolewa.

Jumatano, 7 Mei

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Ami Mahfudh ni ndugu mdogo wa marehemu babangu. Miaka yote aliuza friji na televisheni Kongowea, kisha akaona vijana wanapata kwa kompyuta, akakodi vyumba viwili juu ya duka la dawa hapa Kiembeni na kuniita. Kazini ni mkubwa wangu, nyumbani ni ami yangu, na yeye mwenyewe hajui moja inaishia wapi. Ofisi nzima ni yeye, mimi na Kazungu.

Leo katangaza uzinduzi ni Jumamosi. Nikamwambia mfumo hauko tayari, seva yenyewe ingali kwenye jina la majaribio. Ami kafungua mfuko wa sandarusi, katoa leso. Kawachapishia wahudumu wote leso. Nzuri, sikatai, pindo la zambarau na korosho kwenye pembe. Na pale chini, mahali pa maneno ya leso, ambapo watu huweka dua au mafumbo ya kupigana vijembe, pameandikwa anwani yangu ya majaribio. Herufi kwa herufi. Kainakili kwenye kioo cha kompyuta yangu nilipokwenda kuswali adhuhuri.

Nikamweleza taratibu, kwa adabu zangu zote. Tununue jina la kweli, tuombe cheti cha kweli, cheti chenyewe ni bure, asubuhi moja imekwisha. Tukibaki na hili, simu zitatoa onyo jekundu kwa sababu haziijui mamlaka yangu. Akaniuliza, "Na leso nizitie wapi, nizivae mimi?" Kazungu akacheka. Nikamtazama, akaacha.

Onyo litatafutiwa njia, kasema Ami. Nilidhani ni maneno ya kunyamazishia mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Uzinduzi umepita. Sikuuona. Ami aliniweka kwenye zahanati inayotutunzia seva, eti ikizimika niwepo. Ukumbi uko Mtopanga, si mbali, lakini sikupata hata kuchungulia. Nililetewa pilau, baridi.

Nilikaa tayari kwa malalamiko. Halikuja hata moja. Baada ya chakula nikaanza kuona simu za wahudumu zinaingia kwenye seva, moja baada ya nyingine, kimya kabisa. Nikafurahi kidogo. Kisha nikafikiri. Simu hizi hazifai kuingia hivi. Hazitujui. Nani kaziambia zituamini?

Nimempigia Kazungu. Hashiki. Nimepiga tena. Kazima.

Jumapili, 11 Mei

Nimejua.

Mamangu naye ni mhudumu wa afya, tangu mimi niko shule. Asubuhi kaniletea simu yake jikoni. Juu ya kioo kuna maneno kwamba mtandao huenda unafuatiliwa. "Ni nani anifuataye miye?" kaniuliza, kama mzaha. Nikafungua mipangilio. Cheti changu kimo. Mamlaka yangu ya majaribio, jina nililoliandika kwa vidole hivi, ndani ya simu ya mamangu.

Kanieleza bila wasiwasi wowote. Mlangoni pa ukumbi paliwekwa kapu. Kwa vile kutakuwa na dua ya sheikh na sala ya mchungaji, na si adabu simu kulia, kila mtu atie simu yake kapuni. Na kwa vile Kazungu atawawekea mfumo kwenye simu wakiwa wanakula, kila mmoja aandike namba yake ya siri kwenye kijikaratasi na kukibandika nyuma ya simu. Wakabandika. Wanawake wazima, wanaobeba siri za nusu ya Mtopanga na hawajawahi kuzitoa hata kwa dada zao, wakabandika namba zao za siri wakaenda kula pilau. Kwa sababu aliyeomba ni Mahfudh. Mahfudh mtu wa watu, hakosi mazikoni, hakosi harusini. Kumkatalia mbele ya sheikh kungekuwa kumvunjia heshima.

Siwalaumu wao. Namlaumu yeye.

Naandika hili nisije baadaye nikajiambia nimekuza mambo. Simu ikishaiamini mamlaka, inaamini kila kinachopigwa muhuri wake. Si seva yetu peke yake. Mwenye ule ufunguo akipenda atajipigia cheti kinachosema yeye ni benki, au ni zahanati, atakaa katikati kwenye wifi ya mkahawa wowote, na simu ya mamangu itampokea kwa mikono miwili. Atasoma kila anachoandika mamangu. Ndiyo maana kitu kile hakikutakiwa kutoka kwenye laptopu mbili.

Ahueni yangu ni moja tu. Ufunguo uko ndani ya sefu.

Jumatatu, 12 Mei

Ufunguo hauko ndani ya sefu.

Ami alimpa Kazungu bahasha nzima. Kazungu si mtu mbaya, ila ana kiherehere cha kumpendeza mzee. Alitakiwa achukue cheti peke yake, ile sehemu ya kuonyeshwa watu. Kachukua vyote viwili, cheti na ufunguo wa siri, kavifunga kwenye faili moja. Na kwa wale wahudumu ambao hawakufika ukumbini, kalitupa faili kwenye kundi lao la simu ili wajiwekee wenyewe. Chini yake nenosiri. Chini ya nenosiri, kile kikaragosi cha viganja viwili vinavyoomba.

Nilimuuliza kama anajua alichokifanya. Akasema, "Si uliandika majaribio tu? Nikajua si kitu cha maana."

Nilikwenda chooni nikafungulia mfereji maji yamwagike.

Kisha nikaingia kwa Ami. Shikamoo niliitoa lakini sikungoja marahaba. Nikamweleza yote, muhuri, ufunguo, kundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akauliza, "Sasa nani kaibiwa?" Hakuna, Ami. "Basi."

Nikamwambia simu zisafishwe leo leo, jina jipya linunuliwe, muhuri huu ufe. Akasema Alhamisi wanakuja wageni wanaotaka kuupeleka mfumo huu Likoni na Changamwe, na mbele ya wageni wake hakuna simu itakayotoa nyekundu. Wakishaondoka tutaona. Akalainisha sauti. Mwanangu, una akili sana, ila una moto mno, mwanamke hawi hivyo. Nilikitazama kikombe chake cha kahawa na kutamani kukipasua ukutani.

Jumanne, 13 Mei

Kazungu kalifuta faili kwenye kundi. Bure tu. Wengi walishalipakua. Mmoja kampa mumewe amsaidie kuliweka. Mwingine, kwa wema wake, kalipeleka kwenye kundi la wenzake wa Likoni wasije wakapitwa. Ufunguo wangu umevuka feri peke yake.

Nimemrudia Ami. Kajitia hamnazo. Kaniomba nimchagulie rangi ya bango la kuwakaribishia wageni.

Nimekaa nikafikiri badala ya kulia. Ufunguo siwezi kuurudisha. Lakini muhuri hauna nguvu zake wenyewe. Nguvu zake ni wale wanaouamini. Simu ikikitoa kile cheti, ufunguo umekufa kwa simu hiyo. Zikikitoa zote, umekufa kabisa, hata ukibandikwa ukutani pale sokoni Kongowea. Ikibaki moja tu, ungali hai kwa huyo mmoja.

Basi kazi ni simu. Najua Ami atafanya nini nikizigusa kabla ya Alhamisi. Nitazigusa.

Jumatano, 14 Mei

Nimesema naumwa. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya Ami, na sioni haya.

Nimezunguka Mtopanga yote na matope yake. Kazungu kanikuta njiani na pikipiki yake. Nilidhani katumwa anizuie. Kasema yeye ndiye anayezijua zile simu, nipande. Sijamsamehe, lakini nilipanda.

Nilikataa kupewa namba ya siri na mtu yeyote. Kila mmoja kaifungua simu yake mwenyewe, nikamwonyesha pa kubonyeza, kabonyeza yeye. Imechukua muda mara tatu. Bi Mwaka, mmoja wao, kaniuliza mbona leo siaminiki na Jumamosi Kazungu kaaminiwa. Nikamwambia hata mimi nisiaminiwe. Kacheka, kanimiminia chai, hakunielewa.

Mama Neema naye kanipa maneno yangu. Jumamosi mwasema tieni, leo mwasema toeni, kwani sisi ni wanasesere wenu? Kila neno lilikuwa la haki. Nilitaka kumwambia si mimi. Nikameza. Jina kwenye kile cheti nililiandika mimi.

Wale wa Likoni, Kazungu kawapigia mmoja mmoja kwa simu. Hawakuwa wengi, na karibu wote faili lilikuwa limewashinda kuliweka. Mmoja alikuwa ameliweka, kaelekezwa kalitoa.

Alasiri simu zote zimekwisha isipokuwa moja.

Mamangu kakataa.

Kakataa hivi hivi, amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Mahfudh ndiye aliyemzika babako, kasema. Mahfudh ndiye aliyekulipia chuo. Kanitilia kitu kwenye simu, mimi nikitoe kwa siri usiku wa kuamkia wageni wake? Nikamweleza tena, muhuri, benki, mtu wa katikati. Kanisikiliza kama anavyosikiliza redio. Kisha kasema, "Mimi sina benki, mwanangu. Nina shemeji."

Sijawahi kumkasirikia mamangu hivi. Ningefungua mdomo ningesema neno ambalo halirudi. Nikatoka nje nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 16 Mei

Niandike ya jana kwanza. Wageni walifika. Nilikuwepo, nimesimama nyuma. Ami akawaomba wahudumu wafungue ukurasa. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Simu baada ya simu, "muunganisho huu si salama." Wageni wakatazamana. Ami akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Kisha akamwita mamangu mbele, akamshika mkono, na simu yake ikafungua bila neno. Akawaonyesha hiyo. Mfano mmoja mzuri, akasema, wengine mtandao unawasumbua kwa mvua. Mamangu kasimama pale na leso yake mpya, anatabasamu kwa adabu. Simu ya hatari kuliko zote mle ndani ndiyo iliyosifiwa. Nilitoka nje kabla sijapiga kelele.

Leo baada ya sala ya Ijumaa, kikao. Nyumbani kwetu, kwenye viti vyetu. Ami, shangazi mkubwa, mamangu, mimi. Ami hakupandisha sauti na ndiyo mbaya zaidi. Kasema kaaibika mbele ya watu. Kasema kanilea. Kasema ningemjia nikamwambia. Nikasema nilikujia mara mbili, Ami. Shangazi akaniambia nisimjibu mkubwa. Basi mtu aulizwe na asijibu.

Alichotaka ni mambo mawili. Nimwombe radhi, na Jumatatu nivirudishe vyeti kwenye simu zote mpaka leso zipate kazi yake.

Radhi nimeomba. Kwa kudanganya naumwa, na kwa kutomwambia usoni kwamba nitazisafisha. Hilo ni kosa na nimeomba kwa moyo. La pili nimekataa. Nimesema sitavirudisha, na akimpa mwingine avirudishe, nitazunguka tena na kuvitoa. Shangazi kaguna. Ami kanyoosha mkono. Nikadhani ananipa wa radhi. Alikuwa anataka funguo za ofisi. Nimempa.

Mamangu hakunitetea. Kaleta kahawa, kaleta tende, kaondoa vikombe. Nimemchukia kwa muda wa hiyo kahawa, na hilo nalo nimelichukia.

Jumamosi, 17 Mei

Sina kazi. Nimefua.

Kazungu kapiga. Ami kamwambia aendelee peke yake, kakataa kuzigusa simu. Sijui atakaa siku ngapi. Nimemwambia ahsante na kukata.

Jioni kaja Zuhura, yule binti wa nyumba ya pili, mimba yake ya kwanza. Mamangu ndiye anayemtembelea. Hakuingia ndani, kasimama mlangoni, wakanong'onezana. Niliona uso wa mamangu ukibadilika. Zuhura kaondoka haraka. Mamangu chakula cha usiku hakukigusa.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika.

Baada ya chai mamangu kaja kukaa karibu yangu na simu yake mkononi. Kasema Zuhura kasikia watu wanasema simu za wahudumu zinaonekana na wengine. Kamuuliza kama lile jambo lake limo humo. Limo. Mamangu alilitia mwenyewe Alhamisi, mbele ya wageni, ili wamwone anavyoandika. Mume wa Zuhura bado hajui.

Kaniuliza yuko mtu anaweza kulisoma. Nikamwambia aliyelisoma sijui kama yupo. Anayeweza yupo, kila mwenye ule ufunguo. Kauliza wako wangapi. Nikasema sijui, mama, na hakuna ajuaye.

Kisha kasema, taratibu, kama anayemwambia mtu asiye mimi, kwamba Mahfudh ni shemeji yake na atabaki shemeji yake. Lakini siri ile Zuhura hakumwambia Mahfudh.

Kafungua simu kwa namba yake, kaificha kwa kiganja nisiione. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Kabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Kasoma maneno yote mpaka mwisho, kabonyeza tena. Yale maneno ya kufuatiliwa yakatoweka juu ya kioo.

Hasira niliitafuta nikaikuta imepungua, haijaisha. Kwa Ami ingalipo.

Mamangu akaufungua ukurasa wa kazi, kwa mazoea. Nyekundu. "Chasema si salama," kasema. Chini yake pana pa kubonyeza kwa mtu anayetaka kuingia hivyo hivyo, na aliona pale, kidole kilikuwa juu yake. Akauliza afanye nini. Nikamwambia asiingie.

Akaiweka simu mezani. Akavaa buibui, akatafuta viatu vyake mlangoni, akaenda kwa Zuhura kumwambia ukweli kwa mdomo wake. Nilimsikia akibisha hodi kule. Nimebaki na vikombe.